Kutoka Shinkolobwe mupaka Rongelap: Historia ya Kupima Miili ya Watu



Siku moja nilikwenda kutembelea wagonjwa katika kartiye moja ya Lubumbashi iliyo karibu na kiwanda cha kuyeyusha mukuba. Mama mmoja muzee aliniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu. Alisema: «Baba Padri, zamani watu walikuja hapa na vikopo vidogo. Waliomba mukojo wangu na mukojo wa wajukuu wangu. Waliandika majina yetu katika daftari, wakatushukuru, wakaenda. Tangu siku ile hatukusikia neno. Wewe umesoma. Ndani ya mukojo wetu walikuta nini?»

Watu wale walikuwa nani, sitaji. Na mama mwenyewe hakukumbuka. Nilirudi nyumbani na haya kidogo, nikaanza kutafuta katika vitabu. Nilitaka jibu moja tu kwa ajili ya mama. Nikakuta historia ndefu: inaanza hapa kwetu Katanga, inakwenda mupaka visanga vya bahari ya Pasifiki, kisha inarudi hapa kwetu. Ndiyo historia ninayotaka kuwaeleza, kwa maana kila mumoja wetu, padri, seminari ao katekista, ataulizwa siku moja kama nilivyoulizwa mimi.

I. JIWE LILIPIMWA SANA

Wengi kati yenu munajua Shinkolobwe, pahali palipo karibu na Likasi, muji ulioitwa zamani Jadotville. Katika mwaka 1915 Mwingereza mumoja, Robert Rich Sharp, aliyetumikia kampani Union Minière du Haut-Katanga, alikuta kule mawe yenye rangi kali. Hayakuwa mawe ya mukuba aliyoyazoea. Yalikuwa mawe ya uraniumu.

Wakati ule hawakutafuta uraniumu yenyewe. Walitafuta radiumu, kitu kinachojificha ndani ya mawe yale, kidogo sana. Pierre Curie na muke wake Marie waliivumbua katika mwaka 1898, na waganga waliitumia kwa kupigana na ugonjwa wa kansa. Ilipaswa kusaga tani za mawe kwa kupata gramu moja tu, na bei yake ilipita bei ya zahabu mara nyingi sana. Kuanzia mwaka 1922 mawe ya Shinkolobwe yalipelekwa Olen, katika inchi ya Ubelgiji, kwenye kiwanda cha kutoa radiumu.

Uraniumu na radiumu zina tabia moja: zinatoa miale isiyoonekana kwa macho. Mufaransa Henri Becquerel aliitambua katika mwaka 1896, miale hiyo ilipoacha alama juu ya bamba la fotografi lililofungwa ndani ya karatasi nyeusi. Kwa sababu hiyo jiwe la uraniumu linaweza kupimwa pasipo kuvunjwa. Mashini inahesabu miale yake, na hesabu inaonyesha kama jiwe ni tajiri ao maskini.

Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa tajiri kupita mengine yote. Kulikuwa na mawe yaliyokuwa na oksidi ya uraniumu sehemu 65 kwa 100, na huku katika inchi nyingine watu walichimba mawe yasiyofika sehemu moja kwa 100. Vita ya pili ilipoanza, mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma tani zaidi ya 1,000 mupaka New York katika mwaka 1940, zikawekwa katika gala kwenye kisanga cha Staten Island. Katika mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Chimbo lililokuwa limefungwa likafunguliwa tena kwa siri. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomi likaanguka juu ya Hiroshima, muji wa Japani, na sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lile ilitoka Katanga. Katika mwaka 1946 serikali ya Marekani ilimupa Sengier nishani.

Sasa tuulize: na wale waliochimba? Walibeba mawe yale, wakayachagua kwa mukono, wakapumua vumbi lake. Tusiwe watu wa kusema uongo juu ya kampani: ilikuwa na hospitali na waganga wake, iliwapima watumishi uzito, na watoto wao vilevile. Lakini tuangalie kipimo hicho kilitumikia nini. Mutumishi alipimwa ili ijulikane kama ana nguvu ya kazi. Jiwe lilipimwa ili ijulikane bei yake. Historia ya Shinkolobwe iliyoandikwa imejaa hesabu ya tani na ya utajiri wa mawe. Hesabu ya vumbi lililoingia ndani ya vifua vya watu haina mustari wake katika kurasa zile. Katika mwaka 1960, mbele ya Uhuru, chimbo lilifungwa na mulango wake ukamwagiwa saruji.

II. WASICHANA WALIODAI HAKI YAO

Kama miili ya wachimbaji wetu haikuandikwa, kulianza wapi basi kupima miale ndani ya mwili wa mutu muzima? Tuende kidogo Marekani. Katika jimbo la New Jersey, wakati wa vita ya kwanza na kisha, wasichana walitumika katika kiwanda cha kupaka rangi namba za saa, ili saa isomeke usiku. Rangi hiyo ilikuwa na radiumu. Kwa kuchonga ncha ya burashi waliiweka kati ya midomo yao, mara nyingi kwa siku moja. Waliambiwa haina hatari.

Kisha miaka michache meno yao yalianguka, mataya yakaoza, wengine wakakufa. Katika mwaka 1925 munganga Harrison Martland alionyesha kwamba miale inatoka ndani ya miili yao wakiwa wazima, na hata ndani ya pumzi yao. Sababu ni hii: radiumu inafanana na chokaa inayojenga mifupa. Mwili hauwezi kuzitenganisha, basi unaipokea na kuiweka ndani ya mufupa, na kule inakaa ikipiga miale miaka yote. Wanawake watano walikwenda mbele ya tribinali, na katika mwaka 1928 kampani ilikubali kuwalipa. Kutokana na miili ya watumishi hao watu wa elimu walipata, katika mwaka 1941, kipimo cha kwanza cha mupaka: mutu asiwe na radiumu ndani yake kupita sehemu moja ya 10 ya mikrogramu. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni.

Neno hili tulishike vizuri. Kipimo cha mwili kilizaliwa pahali pa malalamiko. Wasichana waliuliza: «Ndani yetu kuna nini?», na kipimo kikawajibu, hata kama jibu lilikuwa chungu. Tutaona sasa watu wengine waliopimwa pasipo kuuliza, na kwa muda mrefu wakakosa jibu.

III. WATU WA RONGELAP

Kisha vita, Marekani ilitafuta pahali mbali na muji wake wote kwa kujaribia mabomu ya atomi. Ikachagua visanga vya Marshall, katikati ya bahari ya Pasifiki. Kule watu wanaishi juu ya inchi nyembamba ya muchanga na matumbawe, wakila samaki, nazi na matunda ya miti yao. Katika mwezi wa Machi 1946 watu 167 wa kisanga cha Bikini waliondolewa; waliambiwa watarudi. Kutoka mwaka 1946 mupaka 1958 mabomu 67 yalijaribiwa katika visanga hivyo.

Tarehe 1 Machi 1954, asubuhi na mapema, bomu lililoitwa Bravo lilipasuka kule Bikini. Nguvu yake ilifika megatoni 15, kupita mara mbili nguvu iliyongojewa, na kadiri ya mara 1,000 nguvu ya bomu la Hiroshima. Upepo ulipeleka wingu upande wa mashariki. Muchana ule ule unga mweupe ukaanza kuanguka juu ya kisanga cha Rongelap. Ulikuwa matumbawe yaliyosagwa na bomu. Hakuna mutu aliyewaonya wenyeji. Watoto waliucheza. Unga uliingia ndani ya maji ya kunywa na juu ya chakula. Jioni watu walianza kutapika, ngozi ikawasha, kisha ikawa na vidonda, nywele zikaanguka. Watu 64 walikuwa Rongelap yenyewe, na 18 wa jamaa zao walikuwa wakivua samaki kwenye kisanga cha karibu, Ailinginae. Meli za Marekani ziliwachukua kisha kama siku mbili, zikawapeleka Kwajalein. Wenyeji wa kisanga cha Utirik walichukuliwa nyuma yao.

Kule Kwajalein waganga waliwaangalia, wakaosha vidonda, wakahesabu damu. Tena wakawapima. Mukojo wao ulikusanywa na kuchanganywa pamoja, ukapelekwa laboratwari ya Los Alamos, Marekani, ili ijulikane kiasi gani cha iyodi yenye miale kimeingia ndani yao. Kazi hiyo ya kuangalia namna mwili wa mutu unavyojibu miale iliandikwa katika mipango ya jeshi na namba yake, 4.1. Basi watu wale walikuwa wagonjwa, na papo hapo walikuwa mafundisho. Munganga aliyewatunza ndiye aliyewachunguza. Nao hawakuelezwa kwa wazi tofauti ya mambo haya mawili.

Katika mwaka 1957 waliambiwa kwamba kisanga chao ni salama, wakarudishwa nyumbani. Wakarudi pamoja nao ndugu zao wasiokuwa kule mwaka 1954. Kila mwaka waganga wa laboratwari ya Brookhaven, wakiongozwa na Robert Conard, walikuja kwa meli. Ndugu wale waliorudi wakawa kundi la kulinganisha: hawa walipata unga, wale hapana, tutazame. Ripoti iliyotolewa miaka ile ilisema kwamba kukaa kwa watu wale juu ya kisanga chao kutaleta habari za bei kali kwa elimu ya miale. Sentensi ile imeumiza watu wa Rongelap mupaka leo, na ninazani kila mumoja wetu anaelewa sababu.

IV. NAMNA GANI WANAPIMA MWILI

Hapa ninaomba msomaji avumilie kidogo, kwa maana pasipo kuelewa kazi yenyewe hatuwezi kuhukumu vizuri.

Bomu lilitoa vitu vingi vyenye miale. Iyodi inakimbilia tezi ya shingo. Stronsiumu 90 inafuata chokaa, inakwenda ndani ya mifupa, sawa na radiumu ya wasichana wa saa. Sesiumu 137 inafanana na potasiumu, chumvi iliyo ndani ya nyama yote ya mwili. Basi inatawanyika katika mwili mzima. Udongo wa visanga vile ni maskini kwa potasiumu. Munazi ukitafuta potasiumu na kuikosa, unavuta sesiumu pahali pake, na kuiweka ndani ya nazi. Mutu anakula nazi, sesiumu inaingia ndani yake.

Sesiumu inapiga miale yenye nguvu inayopita nyama na kutoka nje. Kwa hiyo inaweza kuhesabiwa pasipo kumutoboa mutu. Anaketi ao analala mbele ya fuwele kubwa ya chumvi ya sodiumu na iyodi. Kila mwale unaoigonga fuwele unawasha nuru ndogo sana, na mashini inaihesabu. Nguvu ya kila nuru inaonyesha mwale umetoka kwa kitu gani, kama vile sauti inavyomutambulisha mutu gizani. Lakini inchi yenyewe na mbingu vinatoa miale pia, hivyo kulijengwa chumba cha chuma kizito, cha tani 21, kikapelekwa kwa meli mupaka kule visangani, ili mutu apimwe ndani yake pasipo kelele za nje. Hata mutu asiyepata bomu lolote anahesabiwa miale: potasiumu ya asili iliyo ndani ya kila mutu mukubwa inapiga maelfu ya miale kwa sekunde moja. Kwa hiyo swali la kweli si kama mwili una miale, lakini ni ya nini, na kiasi gani.

Basi mashini ilisema nini kule Rongelap? Ilisema kwamba kisha watu kurudi mwaka 1957, sesiumu ndani ya miili yao ilipanda sana, kwa sababu walikuwa wakila chakula cha kisanga chao. Ilipaswa kukataza kaa wanaopanda minazi, chakula walichokipenda, juu ya stronsiumu. Kuanzia mwaka 1963 vivimbe vilianza kuonekana katika tezi za shingo, zaidi kwa wale waliokuwa watoto wadogo siku ya Bravo. Kule Bikini mambo yalikuwa yale yale. Wenyeji walianza kurudi miaka ya kwanza ya 1970, mashini ikaonyesha sesiumu inayopanda mwaka kwa mwaka, na katika mwaka 1978 waliondolewa mara ya pili.

Kwa hiyo tusiseme kwamba kipimo ni kibaya. Katika Bikini kipimo kilisema kweli, na kweli ile iliwaokoa watu na chakula chenye hatari. Ubaya ulikuwa kwamba hesabu ilikwenda Marekani, na mwenye mwili akabaki pasipo kujua. Watu wa Rongelap waliuliza miaka mingi: «Munatupima sana, mbona hatuponi, na hatuambiwi?» Katika mwezi wa Mei 1985 walikata shauri wao wenyewe. Kiongozi wao, Jeton Anjain, aliomba musaada wa meli Rainbow Warrior ya Greenpeace, na watu zaidi ya 300 wakaacha kisanga cha babu zao, wakahamia kisanga cha Mejatto.

Historia haikuishia pale. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 mashini za kupima mwili ziliwekwa kule kule visangani, na wenyeji wakafundishwa kuzitumia. Mutu anaingia, anapimwa na mutu wa luga yake, anapewa hesabu yake mwenyewe. Tena watu wa elimu waliona kwamba udongo ukipewa mbolea ya potasiumu, munazi unaacha kuvuta sesiumu nyingi. Fuwele na miale ni zile zile za miaka ya 1950. Kilichobadilika ni nani anayeshika daftari.

V. KURUDI KATANGA

Turudi sasa kwetu. Mutu atauliza: kuna uhusiano gani kati ya Rongelap na Lubumbashi? Sisemi kwamba bomu la Bravo lilitengenezwa kwa jiwe letu. Ninasema kwamba kazi ya mabomu ya atomi ilianza kwa jiwe letu, na kwamba ujuzi wa kupima miili, uliolipwa kwa mateso ya watu wale, umefika kwetu pia, ukiwa na maswali yale yale.

Elimu ya miale ilifika Kongo mapema. Katika mwaka 1959 mashini ya atomi iliyoitwa TRICO ilianza kutumika kule Léopoldville, kwenye Universite ya Lovanium, nayo ilikuwa ya kwanza katika Afrika yote. Rekta wa Lovanium alikuwa padri, Monseigneur Luc Gillon, naye alikuwa mwenye elimu ya fizika ya atomi. Hivyo hakuna anayeweza kusema kwamba mambo haya si kazi ya kujulikana na mapadri.

Lakini kuwa na mashini Léopoldville si kumupima mutu wa Katanga. Miaka ilipita. Kampani kubwa ilipozaifika, maelfu ya watu walianza kuchimba kwa mukono, wakitafuta kobalti. Walirudi mupaka Shinkolobwe, ambako kobalti na uraniumu zinalala pamoja. Katika mwezi wa Januari 2004 serikali ilitoa amri ya kufunga pahali pale. Mwezi wa Julai udongo ukaanguka juu ya wachimbaji, watu wakafa. Mwisho wa mwaka ule wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuja kuangalia.

Kisha, Universite yetu ya Lubumbashi ikaanza kazi iliyongojewa. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, pamoja na Universite ya Leuven ya Ubelgiji, walikusanya mukojo wa watu 351, wakubwa na watoto, katika pahali mbalimbali pa Katanga, na kutangaza majibu katika mwaka 2009. Kwa nini mukojo, na si fuwele kama kule visangani? Kwa sababu miale ya uraniumu ni zaifu, haitoki nje ya mwili kwa wingi. Tena kobalti ya machimbo yetu haina miale hata kidogo. Ni sumu kwa namna nyingine. Tusichanganye vitu hivi tunaposema na watu. Uraniumu nayo, ikiingia mwilini, inaumiza figo kwa usumu wake zaidi kuliko kwa miale yake. Vitu hivi vyote vinapita ndani ya figo na kutoka kwa mukojo; basi mukojo ni shahidi.

Lakini shahidi huyu sherti asikilizwe kwa akili. Kikopo kisiwe na vumbi, kwa maana vumbi la Katanga lenyewe ni mukuba na kobalti. Mutu aliyekunywa maji mengi ana mukojo mwepesi, aliyekunywa kidogo ana mukojo muzito. Kwa hiyo wanapima pia kreatinini, takataka ambayo mwili unaitoa kila siku karibu kiasi kile kile, na kulinganisha nayo. Tena sherti kupima watu wanaokaa mbali na machimbo, pasipo hao hesabu haina maana.

Majibu yalikuwa haya: watu wanaokaa chini ya kilometa 3 kutoka chimbo ao kiwanda walikuwa na kobalti, arseniki, kadmiumu, risasi na uraniumu kupita watu wa mbali. Juu ya kobalti, wachunguzi waliandika kwamba kiasi walichokuta kilikuwa kikubwa kupita chote kilichopata kutangazwa katika dunia juu ya watu wa kawaida, wasio watumishi wa kiwanda.

Kazi iliendelea. Kule Kolwezi, katika mwaka 2014, kobalti ilionekana chini ya nyumba za kartiye ya Kasulo, watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao na hata ndani ya nyumba. Wachunguzi wale wale walipima watu 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32, na kutangaza mwaka 2018: kobalti ilikuwa nyingi sana katika mukojo na damu yao, na zaidi kwa watoto, ambao miili yao ilionyesha pia alama za kuumizwa katika mbegu ya uzima iliyo ndani ya chembe za mwili. Katika mwaka 2020 walitangaza uchunguzi mwingine wa hapa Lubumbashi juu ya watoto 138 waliozaliwa na kilema cha kuonekana, wakiwalinganisha na watoto 108 waliozaliwa pasipo kilema. Baba aliyetumika kazi ya machimbo alikutwa mara nyingi zaidi kwa wale wa kwanza. Hesabu hiyo inaonyesha hatari kwa watu wengi pamoja; haiwezi kusema juu ya mutoto huyu ao yule kwamba sababu ni hii. Katekista asimwambie mama: «Kilema cha mutoto wako kimetoka kazi ya mume wako.» Hakuna kipimo kinachompa ruhusa ya kusema hivyo.

VI. MUPIMAJI ANA DENI

Tukitazama nyuma tunaona njia moja. Kule Shinkolobwe jiwe lilipimwa, mutu hapana. Kule Rongelap mutu alipimwa, lakini hesabu yake ikawa mali ya mwingine. Hapa kwetu leo wapimaji ni pia wana wa inchi, na hesabu inatangazwa katika vitabu vya elimu vya dunia. Ni hatua kubwa, tuwashukuru. Lakini kati ya kitabu cha elimu, kilichoandikwa kwa Kiingereza, na mulango wa nyumba ya mama yule, njia bado ni ndefu. Hatari ya Rongelap haikuwa ya Wamarekani tu. Kila anayekusanya mukojo wa watu na kusahau kurudi anaifuata.

Mukojo ule na damu ile si mali ya pahali wazi. Mutu ameitoa kwa kuamini. Anayeipokea ana deni, na deni hilo lina sehemu tatu: aseme mbele anatafuta nini, arudishe jibu kwa luga inayosikiwa, na jibu likiwa baya, asikae kimya mbele ya wale wanaoweza kuondoa sumu.

Sisi tunaweza kusaidia kulipa. Wachunguzi wanapofika katika parokia, mara nyingi wanakuja kwanza kwa padri ao kwa katekista, kwa sababu watu wanatuamini. Tusifungue mulango pasipo kuuliza. Munapima nini? Jina la mutu litalindwa namna gani? Majibu yatarudi mwezi gani, na nani atayaeleza kwa Kiswahili? Tuandike maneno hayo katika daftari ya parokia, pamoja na jina la yule aliyeahidi. Majibu yasiporudi, tumuandikie. Yakirudi, tusiyaongeze wala tusiyapunguze: si kila kikohozi ni uraniumu, na si kila mutu mwenye kobalti ndani yake ni mugonjwa. Lakini mengine yanaweza kufanywa leo: kunawa mikono mbele ya kula, kuosha mboga, kumwagia maji kiwanja mbele ya kufagia, mutumishi wa chimbo kuacha nguo zake za kazi nje ya nyumba, kutoweka magunia ya mawe pahali wanapolala watoto. Na yale makubwa, moshi wa kiwanda na vumbi la barabara, hayaondolewi kwa ufagio wa mama. Sherti yadaiwe kwa wenye kiwanda na kwa serikali, na hesabu hizi ndizo ushahidi wetu.

Nilirudi kwa yule mama. Nilimueleza kwanza kwamba miaka aliyoikumbuka haipatani na miaka ya uchunguzi niliousoma, na kwamba hesabu yake yeye sikuipata. Kisha nilimueleza vile watu wanaokaa karibu na machimbo walivyokutwa, na kwa nini waliomba mukojo wa wajukuu pia. Alisikiliza mupaka mwisho. Akaniuliza: «Na hesabu yetu sisi, iko wapi?» Nikamujibu: «Iko katika daftari ya mutu, Mama.» Akasema: «Basi, Baba Padri, andika jina langu katika daftari yako, na majina ya watoto. Wakirudi na vikopo, waonyeshe daftari kwanza.»

Nimeyaandika.